Mabao Niliyomwachia Bilali

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kumi ya ndoa. Naanza na jina lake ili daftari lipate baraka. Bilali. Bilali, Bilali, Bilali. Fundi wa dari za jipsamu, Kibaha Maili Moja. Ana vumbi jeupe kwenye nyusi hata akishaoga. Nampenda mpaka naona aibu nikiwa peke yangu.

Fungate tulikaa kwetu Kisarawe, siku saba kamili. Juzi nimehamia hapa kwao. Vyumba viwili vya uani ni vyetu. Mama mkwe, Bi Swaumu, yuko nyumba ya mbele na wifi yangu Firdausi. Pazia la buluu. Kitanda cha mninga. Nilikuwa sina cha kuomba tena kwa Mungu.

Jioni ya leo Bilali amevuta kitu chini ya kitanda, kimefungwa kwenye shuka. Pleisteshen! Mpya, ile kubwa nyeupe. Akaifuta kwa upindo wa shati kama anayefuta uso wa mtoto. Akasema amekaa miaka miwili akiota siku atakayomfundisha mke wake kucheza gemu.

Hapo ndipo penye shida.

Nilipomaliza kidato cha nne nilifanya kazi miaka mitatu kwenye banda la gemu la mjomba Kibwana, Kisarawe mjini. Nimewafunga vijana wote wa pale. Nimewafunga walimu wao. Nimemfunga askari mmoja akaondoka bila kuaga. Lakini Bilali alipokuja kuposa aliniuliza kama nimewahi kushika pedi ya gemu, na macho yake yalikuwa yanaomba jibu moja tu. Nikasema sijawahi. Nikasema bandani nilikuwa nauza soda. Na soda kweli niliuza.

Basi leo nimefundishwa. Amekaa nyuma yangu, amenishika vidole gumba vyote viwili. Hiki ni cha kukimbia. Hiki ni cha kupiga. Raha iliyoje! Nikauliza cha kupiga ni kipi. Nikauliza tena. Nikauliza mara ya tatu, nikaona nazidisha.

Amenifunga moja bila. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Washambuliaji wake wanapiga vibendera vya kona. Kipa wangu anadaka mwenyewe, sina namna ya kumzuia. Dakika ya themanini na nane nikakata tamaa, nikajifunga. Bilali akaruka mpaka kichwa kikagonga taa.

Kungwi wangu, Bi Mwanamkuu, alinifunza mengi ndani ya fungate. Moja nililiandika kiganjani kwa kalamu nisije nikalisahau: mume hashindwi mbele za watu. Nimelishika kwa mikono miwili.

Jumatano, 6 Agosti

Jana nimefungwa tatu bila. Uzuri wa mume wangu akishangilia! Anakunja mikono kifuani, anafumba macho, anasubiri uwanja upige kelele. Uwanja ni mimi.

Firdausi ana miaka kumi na tisa na macho ya msimamizi wa mtihani. Leo tukichambua mchele aliniuliza sugu hizi za vidole gumba nimezipata wapi. Nikajibu ni kukuna nazi, kwetu nazi ni nyingi. Akafikiri. Akasema nazi inakunwa kwa kiganja. Nikaenda kuangalia maji jikoni. Maji hayakuwepo jikoni.

Kwa kuwa siwezi kumwambia mtu yeyote, naandika hapa gemu ninazozipenda. Mpya tu, za mashine hii. Majina ni yale tuliyozipa bandani.

Mpira wa mwaka huu: mabeki wazito kama wametoka kwenye pilau, lakini frikiki imepata roho. Unaupinda mpira mpaka kipa anaona haya. Panga la Mvua: binti anamtafuta aliyemuua baba yake, na nyasi zinalala upepo ukipita. Nimelia mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu umeme ulikatika sijahifadhi. Shamba: baba yangu, mkulima wa mihogo kijijini Kurui, alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Mahindi yanakomaa kwa dakika nne na hakuna nguruwe hata mmoja. Magari ya jangwani: tamu kwa macho, kavu kwa moyo.

Na Kamba. Hiyo ndiyo ya kwanza kuliko zote. Watu wawili wamefungwa kamba moja, wanapanda mlima. Haichezwi na mtu mmoja. Kwa mjomba niliicheza na mteja yeyote aliyekuwepo, huku moyoni namfikiria mume ambaye sikuwa nimempata. Na Bilali anayo! Kasha bado lina nailoni yake. Alikuwa ananingoja mimi. Niliposikia hivyo nilienda dirishani kidogo.

Tukacheza. Kosa langu ni kusahau kwamba katika Kamba mmoja akijifanya hajui wanaanguka wawili. Tumeanguka mara arobaini na moja. Kila tukianguka ananiambia pole, mke wangu. Baada ya ile ya arobaini na moja akasema labda mlima tuuache kwanza.

Gemu ya ndoto yangu imerudishwa kwenye kasha. Kwa mikono yangu mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Bilali yuko nyumbani. Nilikuwa na mpango, tena mzuri. Kuboreka polepole. Bao moja wiki hii, mawili wiki ijayo, ikifika Maulidi nitoke naye sare, naye aone fahari ya mwalimu. Niliuchora kwenye karatasi na mistari.

Umevunjika dakika ya kumi na mbili. Mpira ulidunda mbele ya mchezaji wangu, mbali kabisa, kipa wa Bilali katoka golini. Vidole havikuniuliza. Nikamvisha yule kipa kanzu. Mpira ukaelea juu ya kichwa chake, ukaelea, ukaingia.

Nilidhani ndoa imekwisha.

Bilali akaweka pedi chini. Akanishika mashavu. Akasema siku nne tu, siku nne tu za kufundishwa na yeye, na mke wake anapiga kanzu! Akanibusu kwenye paji la uso. Kisha akamaliza mechi kwa kunifunga mawili (moja nilimpa, la pili nilimlazimisha), akavaa kanzu ya msikitini na kwenda kuswali Ijumaa.

Amerudi saa kumi, uso unang'aa. Alipitia banda la gemu la Kondo, pale nyuma ya stendi. Huyu Kondo ndiye mwenye banda na ndiye bingwa wa Maili Moja, hajafungwa tangu mfungo wa mwaka jana. Na Bilali amempa changamoto! Jumamosi ijayo, tarehe kumi na sita, ashindaye mara mbili kati ya tatu. Banda lina kanuni yake. Ukimpa changamoto mwenye banda ukafungwa, mashine yako inalala bandani mwezi mzima, anaichezea kila mwenye mkono. Ukimfunga, ya kwake inalala kwako.

Nilimuuliza taratibu kimemsukuma nini. Akanieleza kama anavyomweleza mwanafunzi. Mke wake anapiga kanzu kama ile. Yeye anamfunga mke wake huyo kila siku. Sasa Kondo ni nani?

Sikuweza kula.

Ni mimi niliyemjaza. Kila bao nililomwachia limekwenda moja kwa moja kichwani, na sasa linampeleka kwa Kondo. Mashine aliyoihangaikia miaka miwili akiwa juu ya ngazi, shingo imepinda, vumbi machoni! Mwezi mzima kwenye vidole vya walaji wa chipsi mayai!

Jumapili, 10 Agosti

Leo tumekwenda Kisarawe kusalimia kwetu, mara ya kwanza tangu nihame. Mimi, Bilali, na Firdausi wa kushika kapu.

Hofu yangu ilikuwa ukuta. Nje ya banda la mjomba Kibwana paliandikwa kwa rangi nyekundu: BINGWA NI HAJRA, HAJAFUNGWA SIKU 212. Kutoka stendi huwezi kulikwepa; siku za posa na harusi Bilali alikuja na gari la kukodi, akapitia njia ya pili. Kwa hiyo jana nilimtumia mjomba ujumbe, nikamwomba afute, mimi sasa ni mke wa mtu. Akajibu amenielewa, nisiwe na wasiwasi.

Amefuta kweli. Ameandika upya. HONGERA BINGWA WETU HAJRA KWA KUOLEWA. PENGO LAKO HALITAZIBIKA. Herufi urefu wa mkono. Chini yake pedi ya gemu imezungushiwa maua.

Nikashika jicho. Nikamwambia Bilali kuna kitu kimeingia, anipulize haraka. Akanipuliza, masikini, kwa upole wote, na mimi namvuta huku anatembea kinyumenyume, mgongo ukutani, urefu wote wa banda. Wapita njia wakasema maharusi hao, waacheni. Pumzi yake ilinukia karafuu. Kwa kweli ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote za siku hii.

Bilali hakuona. Firdausi aliona. Alisimama na kapu lake, akasoma mara mbili, midomo ikicheza.

Nyumbani mjomba alikuja kutusalimia. Akamuuliza Bilali kama kuna mashine kule kwake, maana mkono wa mtoto usipochezeshwa unakakamaa. Nikamwaga chai yote mkekani. Mama akasema tangu niolewe nimekuwa sina mikono. Bilali akasema mkono wangu hauna tatizo, ni mwepesi sana, yeye ndiye anayejua. Mjomba akacheka, akadhani ni utani wa maharusi.

Tuliporudi Kibaha Firdausi alinifuata uani. Hakuuliza chochote. Alisema tu kwamba ile doti yangu ya khanga ya zambarau, ya sandukuni, ingempendeza.

Nimempa.

Jumanne, 12 Agosti

Mpango wa pili. Kama siwezi kumwambia, nitamfundisha bila yeye kujua. Nitafanya kitu sahihi mbele yake, kisha nijifanye nashangaa. Yeye ataona, ataiga, Jumamosi atamfunga Kondo.

Nikampokonya mpira kwa beki wa pembeni, polepole, aone. Nikauliza, hivi mume wangu, mtu akisubiri badala ya kuvamia si anaupata? Akaniambia hapana, hayo ni makosa ya wanaoanza. Beki lazima avamie. Akanionyesha. Akavamia. Refa akamtoa kwa kadi nyekundu. Akasema refa wa gemu hii ana chuki.

Nikajaribu pasi fupi. Akasema pasi fupi ni woga. Nikajaribu kumwacha kipa wangu langoni. Akasema kipa mzuri ni yule anayesaidia kushambulia.

Moja tu la kheri. Leo amefunga bao la kweli. Kona, kichwa, wavuni. Mimi sikufanya kitu, tena nilizuia kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilikuwa na hasira ya refa. Akafunga! Nilitamani kumwambia hilo ni lako, mume wangu, hilo lishangilie mpaka kuche. Yeye akalipita kama mengine.

Firdausi amechukua doti ya pili. Ile ya kijani.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeharibu. Nimeharibu vibaya mno.

Mpango wa tatu ulikuwa kuugua. Mke mgonjwa, mume hawezi kwenda bandani Jumamosi, changamoto inasogezwa. Asubuhi nikakataa uji. Nikashika tumbo. Nikakimbilia uani na kutoa sauti mbili tatu za kutapika.

Nilimsahau mama mkwe.

Bi Swaumu alitoka na ungo mkononi, akaniangalia, ungo ukadondoka. Akapiga kigelegele peke yake. Saa nne kuku alikuwa ameshachinjwa. Saa sita shangazi wa Mlandizi ameshapigiwa simu. Saa saba nikamwona mama mkwe amekaa kwenye kigoda, anahesabu kwa vidole. Akahesabu mkono wa kulia. Akarudia. Uso ukabadilika. Ndoa ina siku ishirini. Akaniuliza, kwa adabu kubwa, kama fungate ilikuwa kabla ya harusi au baada.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaapa ni kisamvu cha jana. Nikakila kisamvu chote kilichobaki mbele yake, kuthibitisha kwamba tumbo halina kitu. Sasa naumwa kweli. Na Bilali amesema nikiumwa ndiyo ataongeza bidii ya kumfunga Kondo, ili ushindi uwe dawa yangu. Mpenzi wangu! Mpumbavu wangu!

Alasiri nikampigia kungwi. Nikamweleza yote, kuanzia soda.

"Nilikwambia mbele za watu, Hajra," akasema. "Chumbani mwenu kuna watu gani?"

Nikasema hakuna.

"Basi humo ungemfunga mpaka achoke. Mtu mzima huwezi kumdanganya chumbani halafu ukamsitiri barazani. Mwambie leo hii, kabla hujampeleka kwa wenzake akiwa uchi."

Nitamwambia. Kesho.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Nilijifukiza udi. Nikakaa karibu yake, nikaanza: mume wangu, kuna jambo. Na yeye papo hapo akaanza la kwake. Tukacheka. Akasema yeye kwanza.

Akasema kazini yeye ni wa kuambiwa. Sogeza ngazi, shusha ubao, hapa pamepinda, rudia. Tangu utoto hakuna kitu amekuwa wa kwanza, hata kwenye foleni ya maji. Ila jioni akishika pedi na mimi pembeni, anajiona fundi.

Akaniuliza la kwangu.

Nikasema samaki chumvi imezidi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilikwenda bandani na Firdausi, kisingizio chai na vitumbua. (Firdausi amevaa khanga zangu, ya zambarau chini, ya kijani juu.) Watu kama ishirini na tano. Kondo ni mnene, mpole, anacheza huku anatafuna muwa. Hiyo tu ilitosha kunitia hofu. Asiyeangalia vidole vyake ni hatari.

Mechi ya kwanza Bilali kafungwa nne bila. Mabeki walivamia wote, kama alivyonifundisha. Mechi ya pili, dakika ya ishirini, mbili bila. Jasho limeingia machoni. Akaomba kusimamisha, anawe uso bombani. Akanipa pedi. Nishikie, mke wangu.

Nilishika tu. Naapa nilikuwa nimeshika tu.

Kondo akaiachia mechi iendelee. Akasema shemeji asikae bure. Watu wakacheka. Mshambuliaji wake akapita katikati ya mabeki wangu, wamesimama kama nguzo, mpira ukagonga mwamba. Akanitazama, muwa mdomoni.

"Shemeji, mwalimu wako amekufundisha kukaa tu?"

Mimi angenisema, ningevumilia. Alimsema mwalimu wangu.

Sikumbuki vizuri. Najua la kwanza lilikuwa frikiki. Najua lilikuwepo tobo, mpira katikati ya miguu ya beki, halafu tobo jingine kwa beki yule yule. La tatu nilimvisha kipa kanzu. Kufika la nne Kondo alikuwa ametema muwa na amesimama. Banda zima likasogelea skrini. Mbili kwa tano. Dereva mmoja wa bodaboda mlangoni akamwambia mwenzake, sauti ya chini lakini kila mtu akaisikia, kwamba huyu si bingwa wa banda la Kibwana, Kisarawe? Yule wa ukutani?

Nikageuka. Bilali alikuwa pale pale mlangoni, uso unadondosha maji. Sijui alisimama muda gani. Muda wa kutosha kuhesabu.

Mume hashindwi mbele za watu. Nilimwachia kote ambako hakuna watu, nikaja kumshinda hapa, mbele ya watu ishirini na tano.

Ukazuka ubishi. Nusu wakasema mechi ni ya Bilali, pedi ni yake. Nusu wakasema aliyetoa changamoto siye aliyecheza. Bilali ndiye aliyeukata. Akasema Kondo ana haki. Akaketi, mechi ikarudiwa, akafungwa tano bila. Hakunitazama hata mara moja.

Mashine imebaki bandani. Ile shuka aliyoifungia aliikunja taratibu, pembe kwa pembe, akanipa nibebe.

Jumapili, 17 Agosti

Hajala. Hajagomba. Angegomba ningejua pa kushika. Amekaa ukingoni mwa kitanda, anaangalia dari aliyoipiga mwenyewe.

Mama mkwe amemuuliza Firdausi kuna nini. Firdausi, ajabu, amesema hajui. Halafu akaja akaniwekea khanga zote mbili mlangoni, zimefuliwa. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Watu hurudishiana vitu kwenye msiba.

Alasiri Bilali akasema, bila kugeuka:

"Mabao yote yale?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Niliupanga kichwani jana. Hakuna uliotoka.

"Moja ulifunga kweli," nikasema. "Jumanne. Ile kona."

"Moja."

"Nilizuia kwa nguvu zangu zote, Bilali. Ukafunga."

Akageukia ukutani, akalala na viatu.

Moja kati ya mabao thelathini na sita. Nilikuwa nimehesabu kama mtu anayehesabu shanga za tasbihi. Nilidhani namjengea nyumba.

Jumatatu, 18 Agosti

Ameondoka alfajiri bila kunywa chai. Nikasema kazini. Saa nne fundi mwenzake akaja kumtafuta. Hayuko kazini!

Nimelia mpaka pazia la buluu likalowa. Nikawaza atanirudisha kwetu. Siku ishirini na nne za ndoa, nirudi na sanduku. Nitamwambia nini baba? Kwamba nimeachwa kwa sababu ya tobo?

Saa saba mjomba Kibwana akapiga simu. Akauliza mume wangu ana shida gani, maana tangu asubuhi amesimama nje ya banda anaangalia ukuta. Ameletewa kiti, amekaa kwenye kiti, anaangalia ukuta. Nikasema mjomba, mwambie chochote. Mjomba akasema ameshamwambia. Bilali aliuliza mtoto huyu alianzaje, naye akamwambia ukweli: miezi miwili ya kwanza nilifungwa na kila mteja, nikawa najificha nyuma ya kreti za soda kulia, kisha narudi kuomba nifundishwe tena.

Hilo sikupenda lijulikane. Siku mia mbili na kumi na mbili za ubingwa, na mjomba anakwenda kusimulia kreti.

Bilali amerudi kabla ya Magharibi. Amevua viatu mlangoni. Amekaa sakafuni mbele yangu, amenyoosha mikono yake miwili, vidole gumba juu, vina jipsamu kwenye kucha.

"Nifundishe," akasema.

Nililia upya. Ikabidi aninyamazishe yeye aliyekosewa. Nimemwapia kwa jina la Mungu, kwa mama, kwa ndoa yetu: sitamdanganya tena, si kwenye gemu, si kwenye chumvi. Akasema sawa. Akaongeza kwamba samaki wa Ijumaa hakuwa na chumvi nyingi, alijua kuna jambo.

Jumatano, 20 Agosti

Mashine yetu iko kwa Kondo mpaka katikati ya mwezi ujao. Kwa hiyo jana na leo tumekwenda kukaa kwenye benchi la banda, tunangoja zamu ya kucheza mashine yetu wenyewe. Leo kabla yetu alikuwepo baba mmoja anakula mihogo ya kukaanga, pedi ya Bilali inang'aa mafuta. Bilali alifumba macho mpaka zamu ikafika.

Nimemfundisha kusubiri badala ya kuvamia. Amefungwa na mimi sita bila, kwa haki. Kondo akasema shemeji huna huruma. Bilali akajibu mke wake ndiye mwalimu wake, tena alisema kwa sauti, na benchi zima likasikia. Nilitazama chini nisionekane ninavyocheka.

Tukaomba Kamba. Tumeanguka mara kumi na nne, kwa kuwa hajui, si kwa kuwa nimejifanya. Tumefika theluthi ya mlima. Sijawahi kuwa na furaha kama hii. Ukweli ni kitu kizuri mno! Nashangaa watu wanavyouogopa.

Tuliporudi mama mkwe aliniita barazani. Tangu siku ya kisamvu tulikuwa tunaogopana kidogo. Alikuwa na mafungu ya ukindu wa kusukia mikeka, amekwisha kuyachana na kuyatia rangi. Akasema Firdausi hataki hata kuyagusa, anasema yanachoma vidole. Akasema siku zote aliomba apate mkwe wa kumfundisha kusuka ukili, ili mkono wake usipotee akifa. Akaniuliza kama nimewahi.

Mimi nimesuka ukili tangu darasa la tatu. Mkeka wa harusi yangu nimeusuka mwenyewe, ukili wa njia kumi na tatu, na wanawake wa Kurui walikuja kuuangalia mchana kutwa.

Lakini macho yake!

Nikamwambia sijawahi hata kuushika, mama, unaanzia wapi? Akanishika vidole. Somo la kwanza ni kesho asubuhi. Nimeshapanga: nitakosea mstari wa pili na wa tano, na mpaka Maulidi nitakuwa nimejua kidogo.